Toleo la simu: washa au zima kwa hesabu

WAFANYABIASHARA wa Shume, wilayani Lushoto, wanaotangaza bei za karoti, kabichi na viazi kwenye tovuti zao, wanashauriwa kukiangalia upya kitufe kimoja kilichomo katika mipangilio ya tovuti hizo: kile kinachowasha au kuzima toleo la simu.

Sababu ni ya kibiashara. Mboga hazisubiri. Lori likishateremka kupitia Soni hadi Mombo, mnunuzi wa Dar es Salaam awe amekwisha kuona bei. Naye huitazama kwa simu, akiwa sokoni, kwa bando lake mwenyewe. Ukurasa uliopangwa kwa kioo cha kompyuta humletea herufi ndogo na safu zisizoenea. Akichoka, humpigia muuzaji mwingine.

Kuwasha toleo la simu hupunguza adha hiyo, lakini baadhi ya matoleo, ili yafunguke haraka, huacha jedwali la bei au namba ya muuzaji. Hasara hapo ni mara mbili. Google, iliyotangaza Oktoba 2023 kuwa imekamilisha mabadiliko yake, huorodhesha tovuti kwa kusoma toleo la simu. Bei iliyoachwa nje ya toleo hilo haihesabiwi, hata ikiwamo kwenye lile la kompyuta. Na tangu Julai 5, 2024, tovuti isiyofunguka kabisa kwenye simu haiorodheshwi.

Kuzima nako kuna hatari. Iwapo toleo la simu lilikuwa na anwani yake, viungo ambavyo wateja wamevihifadhi hufa siku hiyo hiyo. Fundi aweke kwanza maelekezo ya kudumu, yajulikanayo kwa namba 301, kutoka kila ukurasa wa zamani hadi ule unaolingana nao.

Anayetakiwa kulipia tovuti ya pili kwa ajili ya simu aulize kwanza kuhusu njia aliyoieleza Mmarekani Ethan Marcotte mwaka 2010: ukurasa mmoja, anwani moja, unaojipanga kufuatana na upana wa kioo. Bei hubadilishwa mahali pamoja tu.

Kabla ya siku ya mzigo, fungua tovuti yako kwa simu ya bei nafuu. Tafuta vitu vinne: bei, kipimo, tarehe na namba ya simu. Kimoja kikikosekana, mnunuzi naye hakioni.