Kasha la Chujio la Hewa: Mlinzi wa Injini Asiyetazamwa

Watu wengi hukumbuka kwamba injini ya motokaa hunywa petroli. Wachache hukumbuka kwamba huvuta pia hewa, na kwamba hewa hiyo ni nyingi kuliko petroli yenyewe. Makala haya yanaeleza njia ya hewa hiyo, na hasa kifaa kimoja kisichothaminiwa, yaani kasha linalobeba chujio.

Mwandishi alijifunza thamani ya kasha hilo kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisafiri mara kwa mara katika barabara za vumbi mkoani Dodoma, kuwakagua wanafunzi wa ualimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Fundi aliyenibadilishia oili alinionyesha kwamba kibanio kimoja cha kasha kimevunjika na ukingo wake umepasuka, akanishauri ninunue kasha jingine. Nikamjibu kwamba chujio ni jipya na hilo latosha. Nikalifunga kasha kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, nikaendelea na safari zangu. Kabla ya mwaka kwisha gari lilikuwa likitoa moshi wa samawati na kumaliza oili upesi. Injini ilipofunguliwa, kuta za silinda na ringi za pistoni zilikuwa zimelika. Gharama ya ovaholi ilizidi bei ya kasha mara nyingi.

Pumzi ya Injini

Ili petroli iungue kikamilifu, kila kilo 1 huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa. Lita 1 ya petroli ina uzito wa kilo 0.74 hivi, basi huhitaji takriban kilo 11 za hewa. Katika usawa wa bahari, meta 1 ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Kwa hiyo lita hiyo moja ya petroli hutumia karibu meta 9 za ujazo, yaani lita 9,000 za hewa. Gari linalotumia lita 10 kwa safari ya kilometa 100 huvuta hewa ya kujaza chumba chenye urefu wa meta 6, upana wa meta 5 na kimo cha meta 3. Wakati wa kiangazi, nyuma ya lori, hewa hiyo imejaa vumbi.

Vumbi la barabarani lina chembe nyingi za kwatzi, madini yaliyo katika mchanga wa kawaida. Katika kipimo cha ugumu kilichotungwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, kwatzi ina daraja la 7, ilhali kioo cha dirisha kina 5.5 hivi. Mwanafunzi aweza kuthibitisha jambo hili kwa kusugua mchanga juu ya kipande cha chupa na kuona mikwaruzo. Ndani ya silinda, utando wa oili unaotenganisha ringi na ukuta una unene wa mikromita chache tu, hali unywele wa mtu una mikromita 70 hivi. Chembe ndogo kabisa, isiyoonekana kwa macho, yatosha kuupenya utando huo na kukwaruza chuma.

Ufa Uko Wapi?

Chujio la karatasi huzuia vumbi ikiwa tu hewa yote inalazimika kupita ndani yake. Kazi ya kasha ni kuilazimisha. Yafaa ieleweke kwamba madhara ya ufa hutegemea mahali ulipo.

Ufa ulio kabla ya chujio hauingizi vumbi katika injini, kwa kuwa hewa hiyo bado itachujwa. Lakini waweza kuingiza maji au hewa ya moto ya chini ya boneti. Ufa ulio baada ya sensa inayopima hewa huingiza hewa chafu, tena isiyopimwa. Petroli huwa pungufu, injini hutetemeka inaponguruma bila mwendo, na taa ya onyo yaweza kuwaka. Ufa wa hatari zaidi ni ule ulio kati ya chujio na sensa. Hewa yake haijachujwa, lakini imepimwa sawasawa. Hivyo injini hunguruma vizuri na taa haiwaki, huku chuma kikilika. Ufa wangu ulikuwa wa namna hiyo.

Jinsi ya Kubadili Kasha

Baada ya ovaholi nililibadili kasha mwenyewe, fundi akinisimamia. Injini huzimwa na kuachwa ipoe, kisha waya hasi wa betri huondolewa. Waya wa sensa huchomolewa kwa kushika kichwa chake, si kwa kuvuta waya wenyewe. Pete inayobana bomba la mpira hulegezwa kwa bisibisi, boliti za kasha hufunguliwa, na kasha hutolewa zima. Mdomo wa bomba linaloelekea kwenye injini huzibwa kwa kitambaa safi, ambacho lazima kiondolewe kabla ya kufunga tena.

Hapo pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba hilo. Kikitoka na vumbi, kuna njia ambayo hewa inakwepa chujio. Kagua pia kama bomba lenyewe lina nyufa. Sensa huhamishiwa kwenye kasha jipya pasipo kugusa waya wake mwembamba wa ndani. Mwishowe chujio huwekwa ili ukingo wake wa mpira ukae sawa pande zote, na vibanio vyote hufungwa. Kibanio kikikataa kufunga, kisilazimishwe. Chujio halijakaa mahali pake.

Walimu wa Fizikia waweza kuomba kasha bovu katika gereji iliyo karibu na shule, walilete darasani. Wanafunzi na watafute nyufa zake, waeleze kila moja ingeleta madhara gani, kisha wakadirie hewa inayovutwa na basi la abiria kwa siku moja.