Haijatoka, Inatoka, Itatoka: Lugha ya Kifaa Kinachosubiriwa

Mfasiri anayepokea tangazo la kifaa kipya hukutana mapema na swali linaloonekana dogo: aandike kwamba kifaa hicho "kinatoka", "kitatoka" au "kinatarajiwa kutoka"? Wengi huyachukulia maumbo haya kuwa sawa na huchagua lile linalowajia kwanza. Si sawa. Kila umbo hubeba kiasi chake cha ahadi, na msomaji anaweza kutoa fedha zake kwa kutegemea kiambishi kimoja. Makala haya yanafafanua vitenzi na viambishi vinavyotumika kueleza kitu kilichotangazwa bali hakijapatikana. Mfano wetu mkuu ni Pandora, kompyuta ndogo ya mkononi itumiayo mfumo wa Linux, kwa kuwa waliyoyapitia wanunuzi wake yanaonyesha uzito wa kila neno.

Kisa chenyewe

Pandora ilibuniwa Ulaya na kikundi kidogo cha wapenzi wa michezo ya kompyuta, waliokwisha kufahamiana kupitia vifaa vya Korea Kusini viitwavyo GP32 na GP2X. Ilikusudiwa kuwa kompyuta kamili inayoenea kiganjani: skrini ya mguso ya inchi 4.3, kibodi ya herufi zote, vitufe vya michezo, nafasi mbili za kadi za kumbukumbu na Waifai. Mengi kuhusu umbo na uwezo wake yalijadiliwa hadharani na watu waliokusudia kuinunua. Ndiyo maana huitwa kifaa cha jumuiya. Neno "jumuiya" lafaa hapa kuliko "jamii", kwa sababu jumuiya ni watu waliojikusanya kwa kusudi moja, ilhali jamii ni watu wanaoishi pamoja hata kama hawakuchaguana.

Maagizo yalianza kupokelewa tarehe 30 Septemba 2008, kwa fungu la kwanza la vifaa 4,000. Wanunuzi walilipa kwanza, na matumaini ya wengi yalikuwa kuipata Pandora kabla ya mwaka huo kwisha. Vifaa vya kwanza vilitumwa kwa wateja Mei 2010. Historia ilikaribia kujirudia kwa mrithi wake, DragonBox Pyra, ambayo maagizo yake yalifunguliwa Mei 2016 na vifaa vya kwanza vikatumwa mwaka 2020.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wa karibu. BRCK, kifaa cha kuunganisha intaneti mahali ambapo umeme hukatikakatika, kilibuniwa Nairobi na watu waliotoka katika shirika la Ushahidi. Mwaka 2013 umma ulikichangia fedha kupitia Kickstarter kabla hakijakamilika, na mwaka 2014 kikaanza kuwafikia wateja. Mwandishi wa Kiswahili aliyetaka kuieleza Pandora mwaka 2009, au BRCK katika miezi ile ya kungoja, alihitaji maneno ya kutenganisha kilichosemwa, kilichotengenezwa na kilichofika.

Vitenzi vinne visivyobadilishana

Kitenzi cha kwanza ni "tangaza". Kitu kilichotangazwa kimejulishwa kwa watu, basi. Hakuna kinachothibitisha kwamba kipo.

Cha pili ni "zindua". Kitenzi hiki kina jozi yake, "zindika", na katika matumizi ya zamani zindika ni kukinga kwa uganga, na zindua ni kuondoa kinga hiyo au kumwamsha mtu aliyezama usingizini. Leo "kuzindua" ni kuanzisha jambo rasmi, aghalabu kwa hafla. Uzinduzi basi ni tukio la wenye kifaa na wageni wao. Kifaa kinaweza kuzinduliwa leo na kisionekane dukani mwaka mzima.

Cha tatu ni "toa", pamoja na "tolewa", "toka" na nomino "toleo". Hapa ndipo umma unapopata kitu. Gazeti hutoka, kitabu hutolewa, programu huwa na toleo la kwanza na la pili. Tofauti ya "kutolewa" na "kutoka" ni ya mtendaji: "imetolewa" humkumbusha msomaji kwamba yupo aliyetoa, na "imetoka" humwacha nyuma ya pazia. Wapo watafsiri wanaoandika kwamba programu au kifaa "kimeachiliwa". Umbo hilo halifai. Huachiliwa mfungwa, ndege aliyenaswa au kamba iliyoshikwa, yaani kitu kilichokuwa kimezuiwa. Pandora haikuwa imezuiwa na mtu, ilikuwa haijakamilika.

Cha nne ni "agiza". Mtu anapoagiza kitu ambacho hakijatoka, tuseme wazi kwamba "amelipia kabla". Akilipa sehemu tu ya bei ili kufunga makubaliano, Kiswahili kina neno la zamani lenye asili ya Kiarabu, "arbuni", ambalo pia husikika kama "rubuni". Mfasiri atambue kwamba lipo pia tendo la "kurubuni", yaani kumlaghai mtu kwa maneno matamu. Kwa hiyo katika maandishi ya biashara "arbuni" au "kianzio" ni salama zaidi, ili mteja asisome kitu ambacho mwuzaji hakukikusudia.

Kiambishi na kiasi cha ahadi

Hapa Bungu, kwenye milima ya Usambara wilayani Korogwe, ninakoandikia makala haya, tofauti ya -na- na -ta- husikika kila siku kando ya barabara. Mtu anayesikia mngurumo wa gari likipanda mlima husema, "Gari linakuja." Asiyesikia kitu, bali anajua tu kwamba gari hupita kila siku, husema, "Gari litakuja." Wa kwanza ana ushahidi, wa pili ana tegemeo. Wazungumzaji wengi wa huku wana Kisambaa pia, lugha yenye mfumo wake wa njeo na hali, ambao Ruth Besha aliuchambua katika kitabu chake cha mwaka 1989. Kwa mwanafunzi wa lugha mbili si vigumu kuona kwamba njeo haitaji wakati peke yake. Hutaja pia msimamo wa msemaji juu ya jambo analolisema.

Turudi kwenye kifaa. "Inatoka Novemba" ni kauli ya mtu anayeusikia mngurumo: kiwanda kinafanya kazi, tarehe imepangwa. "Itatoka Novemba" ni utabiri, na ikisemwa na mtengenezaji mwenyewe huwa ahadi. Ahadi ni deni. "Huenda ikatoka Novemba" haidai kitu. Mwandishi ambaye hana ushahidi zaidi ya neno la mtengenezaji hana haki ya kutumia -na-.

Katika ukanushi tofauti huwa kali zaidi. "Haikutoka" hufunga wakati uliopita. "Haijatoka" huuacha mlango wazi, kwani kiambishi -ja- husema kwamba jambo halijawa hadi sasa na bado linangojwa. Ndiyo sababu neno "bado" hupatana nalo. Mwanzoni mwa mwaka 2009 sentensi zote mbili zilikuwa kweli kwa pamoja: Pandora haikutoka mwaka 2008, na Pandora ilikuwa haijatoka. Ya kwanza inahesabu tarehe iliyopita, ya pili inamweleza aliyelipa kwamba kungoja kwake hakujaisha. Mwandishi anayetumia "haijatoka" peke yake, bila kutaja tarehe iliyokwisha kupita, huficha ucheleweshaji ndani ya matumaini.

Kwa mpango ambao haukutimia Kiswahili kina muundo mzuri unaosahauliwa na watafsiri: "ilikuwa itoke". "Ilikuwa itoke kabla ya mwaka 2008 kwisha" hueleza kwamba kusudi lilikuwapo na kwamba halikutimia, bila kumtuhumu mtu uongo. Ni muundo wa haki kwa pande zote mbili.

Kuna pia jozi ya "ikitoka" na "itakapotoka". "Itakapotoka, utatumiwa" hulichukulia suala la kutoka kuwa limekwisha amuliwa, na lililobaki ni siku tu. "Ikitoka, utatumiwa" huacha nafasi ya kutotoka. Matangazo hupenda umbo la kwanza. Mkataba wa malipo unastahili la pili, likifuatiwa na sentensi inayosema fedha zitarudishwaje kisipotoka.

Imetoka kwa nani?

Programu na kifaa havitoki kwa namna moja. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, toleo hilo lilitoka kwa wote kwa pamoja, kwa kuwa nakala ya programu haimalizi nakala nyingine. Hapo "imetoka" ni kauli kamili.

Kifaa hutoka kimoja kimoja. Mei 2010 gazeti lingeweza kuandika kwamba Pandora imetoka, na lisingesema uongo. Lakini mnunuzi aliyekuwa katikati ya foleni ya vifaa 4,000 angesema kwa haki ileile kwamba yake haijatoka. Vifaa viliendelea kutengenezwa kwa mafungu, na baadaye kazi ya kutengeneza bodi ikahamishwa kutoka Marekani kwenda Ujerumani huku wengine wakiwa bado wanangoja. Umbo sahihi kwa hali hii ni "imeanza kutoka". Kitenzi kisaidizi "anza" hueleza kwamba tendo lina mkia, na kwamba wa mwisho katika foleni ana habari tofauti na wa kwanza. Nawasihi watafsiri walitumie umbo hili kila wanapoandika juu ya kitu kinachotumwa kwa zamu.

Inatarajiwa na nani?

Watu wengi hukimbilia "inatarajiwa kutoka" kwa kuamini kwamba umbo hili ni la tahadhari. Ni la tahadhari kwa mwandishi tu. Kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji humnyima msomaji jambo analolihitaji: anayetarajia ni mtengenezaji, muuzaji, au watu wanaotamani? Kamilisha kwa "na": "inatarajiwa na watengenezaji wake", "inatarajiwa na waliolipia". Utaona mara moja kwamba hizo ni habari mbili zenye uzito tofauti.

"Hivi karibuni" lina kasoro ya namna hiyo. Halina kipimo, tena hutazama mbele na nyuma: "alifika hivi karibuni" na "atafika hivi karibuni" zote ni Kiswahili sanifu. Likitumika kwa kifaa kinachosubiriwa, liandamane na mwezi au robo ya mwaka. Isipowezekana, liondolewe.

Mfano wa kuandika upya

Tuchukue tangazo la kubuni: "Kompyuta ya mkononi ya kisasa kabisa inatoka hivi karibuni. Lipia sasa, na itakapotoka utaletewa hadi ulipo." Halina kosa la sarufi. Hata hivyo -na- inadai ushahidi usioonyeshwa, "hivi karibuni" halina kipimo, na "itakapotoka" inafuta uwezekano wa kutotoka. Sasa tuliandike kwa uaminifu: "Kompyuta hii imetangazwa, lakini haijaanza kutoka. Ilikuwa itoke mwezi Machi. Sasa watengenezaji wake wanatarajia kuanza kuituma mwezi Agosti. Anayelipa leo anaingia kwenye foleni. Ikianza kutoka, itatumwa kwa zamu ya malipo. Isipotoka kufikia mwisho wa mwaka, fedha zitarudishwa."

Tangazo la pili ni refu na halina mvuto wa la kwanza, lakini mtu anaweza kulitegemea. Mkulima wa iliki wa Bungu anayetaka kumnunulia mwanawe kompyuta hulipa kwa simu, kwa fedha ya msimu mmoja, na hana duka la kwenda kugonga mlango. Kitu pekee alicho nacho ni sentensi aliyoisoma. Ikiwa sentensi hiyo ilitafsiriwa, maana yake ni kwamba mfasiri naye ameshiriki katika ahadi ile.

Kwa mwalimu

Zoezi lifuatalo hufaa darasani. Wape wanafunzi tangazo lolote la kitu ambacho hakijapatikana, wapigie mstari kila kitenzi, kisha wajibu maswali manne: Nani anasema? Ana ushahidi gani? Tarehe ipi imekwisha kupita? Nini kitatokea kisipotoka? Baada ya hapo walibadilishe tangazo kwa kuchagua kati ya -na-, -ta-, -ja-, -ki- na muundo wa "ilikuwa itoke", wakieleza sababu ya kila badiliko. Mwanafunzi atakayeweza kutetea uchaguzi wake wa kiambishi atakuwa amejifunza njeo kuliko aliyekariri jedwali la viambishi.