Mabomba ya Uvunguni Wakati wa Baridi Kali

Nyumba za kuhamishika ni nyumba zinazojengwa kiwandani juu ya fremu ya chuma yenye magurudumu, kisha zikavutwa kwa lori hadi kiwanjani, ambako huegemezwa juu ya nguzo fupi za matofali ya zege badala ya kujengewa msingi wa kawaida. Nchini Marekani, ambako mamilioni ya watu huishi humo kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko ya nyumba nyingine, ujenzi wake umesimamiwa kwa kanuni za serikali kuu tangu Juni 1976. Pamoja na unafuu huo, nyumba hizi zina udhaifu mmoja unaojitokeza kila majira ya baridi, nao ni kuganda kwa maji katika mabomba yanayopita chini ya sakafu, jambo ambalo wahamiaji waliotoka Kongo, Kenya au Tanzania, ambako wengi wao hawakupata kuona maji yakiganda ila ndani ya friji, huenda wakalijua pale tu bomba linapopasuka.

Chanzo cha udhaifu huo ni uvungu, yaani nafasi iliyo wazi kati ya ardhi na sakafu. Bomba linaloleta maji huzikwa chini ya kina ambacho udongo huganda, lakini haliwezi kufika ndani ya nyumba bila kutoka ardhini na kupanda katika hewa ya uvunguni, na kipande hicho cha kupandia ndicho huganda kwa urahisi zaidi. Mabomba mengine hulazwa sakafuni ndani ya kihamijoto, yaani sufi ya kioo inayozuia joto lisipotee, ambacho hushikiliwa kwa chini na shiti zito la plastiki. Shiti hilo likitobolewa na panya, au likikatwa na fundi bomba asiyelirudishia kiraka, sufi huloa na kuanguka, na bomba hubaki wazi.

Maji yana tabia isiyo ya kawaida katika vimiminika: hunywea yanapopoa hadi kufikia nyuzi 4 za Selsiasi, kisha huanza kutanuka, na yanapogeuka barafu ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9. Hata hivyo, mara nyingi bomba halipasuki pale barafu ilipo, bali hupasuka kati ya barafu na koki iliyofungwa, kwa sababu barafu inayozidi kukua huyasukuma maji yaliyonaswa hapo mpaka shinikizo lake linaushinda ukuta wa bomba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliona kwamba mabomba yasiyofunikwa huanza kuwa hatarini joto la nje linaposhuka hadi takriban nyuzi 7 chini ya sifuri, na upepo unaopenya hata kwenye upenyo mdogo huharakisha hatari hiyo kwa kuliondolea bomba joto lake upesi.

Kwa hiyo kinga huanza kwa kuuzuia upepo. Uvungu huzungushiwa ukuta mwepesi wa plastiki au mabati, na mianya yake huzibwa kabla ya baridi kuingia. Mabomba yaliyo wazi huvishwa sponji, na bomba la kupandia huongezewa mkanda wa umeme wa kupasha joto, ambao mara nyingi huwa na thamostati, yaani kidhibitijoto kinachouwasha chenyewe joto linapokaribia nyuzi 3. Mkanda huo ni lazima uwe umeidhinishwa kwa nyumba za aina hii na ufungwe kwa kufuata maelekezo ya kiwanda, kwa kuwa ule unaotoa joto lisilobadilika ukipishanishwa juu yake wenyewe huunguza na unaweza kuwasha moto. Na kila mwaka unapaswa kukaguliwa kama umepasuka au kuchakaa.

Ndani ya nyumba, joto lisiachwe kushuka chini ya nyuzi 13, hata wenyeji wakiwa safarini, na milango ya makabati yaliyo chini ya sinki ifunguliwe ili joto la chumba liyafikie mabomba. Usiku wa baridi kali, koki iliyo mbali zaidi na mahali maji yanapoingilia iachwe itoe mtiririko mwembamba, ambao faida yake kubwa ni kulipunguzia bomba shinikizo. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, kama ilivyotokea Texas mnamo Februari 2021, ambako mamilioni ya kaya zilikosa umeme na mabomba mengi yakapasuka, mkanda hauna msaada tena. Lililo salama ni kufunga koki kuu na kuyamwaga maji yote yaliyomo mabombani.

Maji yakikoma kutoka, hatua ya kwanza ni kuchunguza: koki moja ikikauka, tatizo liko kwenye tawi lake, bali zote zikikauka, huenda bomba la kupandia ndilo lililoganda. Koki hufunguliwa na kuachwa wazi, kisha bomba hupashwa joto kuanzia upande wa koki kuelekea kwenye barafu, ili maji na mvuke vipate njia ya kutokea. Vifaa vinavyofaa ni kikausha nywele, mradi mtumiaji asisimame penye maji, au taulo zilizochovywa katika maji ya moto. Moto wa gesi au wa mafuta ya taa haufai kabisa, kwa kuwa uvunguni mna plastiki na mbao, na jiko la mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoweza kupanda ndani na kuua waliolala.

Barafu inapoyeyuka ndipo ufa uliokuwa umezibwa nayo huanza kuvuja. Hivyo asiwepo wa kuondoka uvunguni kabla ya kulikagua bomba lote. Kila anayeishi katika nyumba ya namna hii, awe mwenye nyumba au mpangaji, na aijue koki kuu ilipo na ahakikishe inafungika, tena mapema, kabla baridi haijaingia.