Kinywaji cha Mkimbiaji ki Jikoni

Kijana amalizapo mbio ndefu chini ya jua la Kombewa, kushuka ziwani na kurudi, huingia nyumbani fulana imeganda chumvi. Chumvi ile imemtoka mwilini. Akigugumia maji matupu kupita kiasi, kidogo kilichosalia damuni huzimuliwa: kichwa humgonga, tumbo humchafuka, na wengine huzimia.

Wazazi wenzetu, tusikimbilie chupa za rangi za madukani. Wanariadha wa Bonde la Ufa, waliolitangaza jina la Kenya duniani, baada ya mazoezi hunywa chai ya maziwa yenye sukari. Maziwa yana maji, chumvi, sukari, na protini ya kukarabati misuli. Maziwa lala hufaa; uji wa wimbi uliotiwa chumvi kidogo hali kadhalika. Aliyepungua kilo 1 kwa jasho anywe kama lita 1.5 kwa muda wa saa kadhaa.

Maji ya ziwa yachemshwe kwanza. Kipindupindu hakimstahi mwenye mbio. Na mkojo ukigeuka rangi ya kahawa, tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Basi akae kitako, apige bismillahi, anywe kwa pumzi tatu. Haraka ameiacha njiani.