Majununi wa Lahore

Neno junun sote twalijua. Ni la Kiarabu, na pwani hii tumelitia ulimini tangu zamani: mtu akishikwa na penzi hata akasahau kula, twasema amekuwa majununi. Mwaka 1990, mjini Lahore, Pakistan, kijana mmoja aliyesomea udaktari alilichukua neno hilo akalifanya jina la bendi. Junoon ndiyo bendi yenyewe, na kijana ni Salman Ahmad. Udaktari aliuweka kando, akashika gitaa la umeme.

Alikuwa amekulia New York, na huko ndiko alikoipatia ile miziki mizito ya magitaa, yenye vishindo ambavyo mzee akivisikia hufunga dirisha. Mwimbaji wake alikuwa Ali Azmat wa Lahore, mwenye sauti ya kukwaruza. Mpiga gitaa la besi, Brian O'Connell, alikuwa rafiki wa utotoni wa Salman, Mmarekani, akahamia Pakistan kwa ajili ya bendi. Baadaye Ashiq Ali akaitia tabla, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo muziki wao ulipopata nyumba. Sikio la pwani, lililolelewa kwa mahadhi ya Kihindi aliyoyaimba Mohamed Juma Bhalo kwa Kiswahili chetu, laitambua tabla hata ikizungukwa na makelele.

Sahani ya kwanza ilitoka mwaka 1991. Inquilaab, yaani Mapinduzi, ikafuata mwaka 1996, na Azadi, yaani Uhuru, mwaka 1997. Wimbo wa Sayonee katika Azadi ndio uliowapandisha, ukapigwa Pakistan na ukavuka mpaka hadi India. Ni malalamiko ya roho isiyopata utulivu. Anayeusikiliza aweza kudhani aitwaye ni mchumba. Mwenye kujua maneno ya masufi hataharakia kusema hivyo.

Sahani ninayoithamini mimi zaidi ni Parvaaz ya mwaka 1999, kwa sababu ndani yake bendi imemwachia usukani mshairi. Mshairi mwenyewe ni Bulleh Shah, Mpunjabi aliyefariki mwaka 1757 na kuzikwa Kasur, kusini ya Lahore. Alikuwa sharifu wa ukoo. Mwalimu aliyemchagua, Shah Inayat, alikuwa wa kabila la Arain, watu wa mashamba na bustani, na jamaa zake Bulleh Shah wakaona haya: vipi mtu wa kizazi cha Mtume akae miguuni pa mkulima? Hakuondoka. Husimuliwa kwamba alipofariki mashekhe wa mji walikataa kumsalia. Leo kaburi lake lazuriwa na makundi ya watu.

Wasomaji wa Lamu watakuwa wameanza kutabasamu. Habib Swaleh naye alikuwa sharifu, kutoka Ngazija, akawafundisha wale ambao wenye mji hawakuwataka katika darasa zao, na akaruhusu matari katika maulidi. Alipingwa. Leo maulidi ya Riyadha yajaza mji.

Sisemi kwamba tari na gitaa la umeme ni kitu kimoja. Wako wanavyuoni wasioruhusu ala yoyote ila dufu, na hoja zao si za kuchezewa na mwandishi wa gazeti. Salman alizikabili ana kwa ana: katika filamu ya mwaka 2003 alikwenda Peshawar, ambako chama cha mashekhe kilikuwa kimeshika serikali ya jimbo na kukataza muziki hadharani, akawauliza ni wapi katika Kurani muziki ulipokatazwa.

Mimi swali langu ni la mtunzi: neno lasikika? Tungo za Bulleh Shah ni kafi, nazo hazikutungwa zisomwe kimya, zilitungwa ziimbwe. Katika wimbo wao wa Bulleya, mshairi ajiuliza yeye ni nani, kisha akataa kila jina atakalopewa, moja baada ya moja, hata asibakiwe na pa kusimama. Hapo gitaa lapanda pamoja na swali, na ule ukwaruzi wa sauti ya Ali Azmat wafaa kuliko sauti tamu. Katika nyimbo nyingine, walakini, vishindo vyameza neno, na vijana waruka bila ya kujua wanaambiwa nini. Shairi la walii likifikia hapo limegeuka pambo tu.

Lakini hawakuwa watu wa mapambo. Mwaka 1996 filamu ya wimbo wao Ehtesaab, ilimoonyeshwa farasi akila katika hoteli ya kifahari huku nchi ina njaa, ilikatazwa kwenye televisheni ya serikali. Mwaka 1998 India na Pakistan zilijaribu mabomu ya nyuklia, watu wakashangilia pande zote mbili. Junoon wakayapinga majaribio hayo hadharani, na serikali ya Nawaz Sharif ikawafungia redio na televisheni. Bendi iliyoishi kwa kusikika ilijua fika gharama yake. Tarehe 24 Oktoba 2001, majuma machache baada ya New York kushambuliwa, na Waislamu kila mahali wakitazamwa kwa jicho baya, walipiga katika ukumbi wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mji huo huo.

Baadaye walitawanyika, kila mtu na njia yake, wakakutana tena jukwaani Karachi mwezi wa Disemba 2018. Anayetaka kuwajua asianze na vishindo. Aanze na Bulleya, usiku, watoto wakiisha kulala, na apate mtu wa kumfasiria Kipunjabi.