Kioo cha simu, ulanga wa Uluguru na nuru inayooteshwa

Apitaye Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, baada ya swala ya Alasiri huwakuta mafundi simu wameinama mezani, na wateja wamesimama wakiuliza swali lile lile: kwa nini kioo cha simu moja kina bei mbili zilizoachana mno? Hujibiwa kwamba kimoja ni orijino na kingine ni kopi, na mazungumzo huishia hapo. Sisi katika kamati ya msikiti tumeletewa zaidi ya shauri moja lililozaliwa na jibu hilo fupi, muuzaji na mnunuzi wote wakiwa wakweli kwa kadiri ya ujuzi wao. Ndipo tukaona ni vyema familia zetu zijue ni kitu gani hasa kinachonunuliwa.

Vioo hivyo ni vya namna mbili. Cha kwanza, LCD, ni mithili ya pazia: nyuma yake pana taa inayowaka muda wote, na kazi ya kioo ni kuizuia au kuipitisha nuru yake. Cha pili, OLED, hakina taa ya nyuma. Kila kitone chake huwaka chenyewe, kwa kuwa kimetandazwa maada za kaboni zitoazo nuru umeme unapopita ndani yake. Simu ya Samsung Galaxy S ilikuwa nacho mwaka 2010, na iPhone X ya mwaka 2017 ikawa iPhone ya kwanza kuwa nacho. Herufi O katika jina hilo huashiria maada za kaboni, ukoo mmoja wa kikemia na sukari, mafuta ya taa na plastiki. Haina maana kwamba kioo kina uhai, wala haihusiani na mboga zisizopigwa dawa.

Kwa muda mrefu plastiki ilijulikana kwa kuzuia umeme tu, na ndiyo sababu nyaya huvishwa plastiki. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba plastiki ya aina fulani yaweza kupitisha umeme kama metali, na mwaka 2000 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak, Marekani, walitangaza taa ya tabaka mbili za maada za kaboni, zote pamoja zikiwa na unene wa nanomita 135 hivi, iliyowaka kijani kwa umeme usiofika volti 10. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja una upana wa takriban nanomita 80,000.

Tabaka jembamba hivyo halipakwi kwa brashi. Maada hupashwa moto ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, ikawa mvuke, na mvuke ukatua molekuli baada ya molekuli, kama mvuke wa chungu unavyotua kwenye kifuniko. Molekuli hizo hulala ovyo ovyo, na kwa kioo cha simu hilo linatosha. Lakini umeme hupita kwa urahisi zaidi palipo na mpangilio. Kwa hiyo wako wataalamu waliojiuliza: je, molekuli zaweza kuoteshwa zikajipanga zenyewe?

Hapo ndipo lilipoingia jiwe tunalolijua. Ulanga umechimbwa katika milima ya Uluguru, Morogoro, tangu enzi za Wajerumani, na fundi pasi yeyote ameushika: ndiyo ile karatasi ya kung'aa iliyozungushiwa waya ndani ya pasi ya zamani, kwa kuwa huvumilia moto na hauruhusu umeme kupita. Jiwe hili hubanduka tabaka kwa tabaka, na uso uliobanduliwa sasa hivi huwa sawasawa kabisa, atomu zake zikiwa zimekaa kwa safu. Katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa Denmark, Frank Balzer na Horst-Günter Rubahn waliupasha ulanga moto wa kiasi ndani ya ombwe, wakaacha utuliwe na mvuke wa molekuli yenye pete sita za kaboni zilizoungana kwa mstari. Molekuli zilifuata safu za jiwe. Zikaota nyuzi zilizolala sambamba, upana wa nanomita mia chache tu, lakini ndefu mara maelfu ya upana huo. Zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, ule unaokagulia noti bandia, hung'aa buluu, na nuru husafiri ndani yake kama maji katika bomba.

Subhanallah, hakuna mkono uliozipanga. Taabu iliyobaki ni kuzihamisha: ulanga haupitishi umeme, basi nyuzi hung'olewa kwa msaada wa tone la maji na kulazwa juu ya silikoni yenye njia za dhahabu, na nyingine hukatika. Kwa hiyo bado ni kazi ya maabara.

Udhaifu wa maada hizi ni unyevu na hewa, na kioo cha OLED huzibwa kwa uangalifu mkubwa kwa sababu hiyo. Katika joto na unyevu wa Dar es Salaam, kioo kilichopata ufa hata kama bado kinafanya kazi hakifai kuachwa miezi. Madoa meusi huanza padogo yakatambaa. Kadhalika buluu huchoka kabla ya rangi nyingine. Wenye kuacha ratiba ya swala ikiwaka mahali pamoja kutwa nzima wataona kivuli chake kimebaki.

Fundi anayetoa OLED na kuweka LCD hajafanya baya akisema. LCD ni kioo halali na simu nyingi nzuri zinacho. Baya ni kunyamaza, na waliosoma fiqhi ya biashara wanaujua mlango wa khiyari ya aibu: aliyefichwa kasoro ana haki ya kurudisha. Lakini atarudishaje asichokitambua?

Basi kabla ya kulipa, mwombe fundi afungue picha nyeusi tupu, aongeze mwanga hadi mwisho, kisha ufunike simu na uso wako kwa mtandio au koti. Weusi ukionekana wa kijivu na kingo zinang'aa, hiyo ni LCD. Kioo kikitoweka gizani kana kwamba simu imezimwa, hiyo ni OLED. Neno hilo moja liandikwe kwenye risiti, pamoja na bei na tarehe.