Programu Nyongeza za Tovuti: Tuchague Chache, Tuzitunze Zote

Sharika kadhaa zimeuliza ofisi ya miradi namna ya kuwa na tovuti, ili washarika na marafiki walioko mbali wapate taarifa za miradi yetu bila kusubiri barua. Tunalipongeza wazo hilo. Hata hivyo, tumeona kwamba shida haianzi wakati wa kufungua tovuti. Huanza pale tunapoijaza vitu ambavyo hakuna aliyepangiwa kuvitunza. Ndiyo maana katika toleo hili tunaeleza habari za programu nyongeza.

Programu nyongeza ni nini?

Tutachukua mfano wa WordPress, mfumo wa bure ulioanza mwaka 2003, kwa kuwa ndio unaotumiwa na tovuti nyingi zaidi duniani. Mfumo wenyewe ni kama nyumba yenye kuta, paa na milango. Programu nyongeza, ambayo mafundi huiita plagini, ni kifaa kinachoongezwa baadaye: fomu ya mawasiliano, kalenda ya mikutano, au njia ya kupokea michango. Utaratibu huu ulianza mwaka 2004 katika toleo la 1.2, na leo ghala rasmi la WordPress lina zaidi ya programu 50,000 za bure.

Anayeanza huvutiwa na wingi huo. Lakini ni vema ajue kwamba programu nyongeza ikishawekwa huweza kusoma na kubadili karibu kila kitu kilichomo ndani ya tovuti. Kuiweka ni sawa na kumpa mtu ufunguo wa ofisi ya usharika. Hatumpi ufunguo kila anayebisha hodi.

Tulivyojifunza

Sisi wenyewe tulijifunza kwa gharama. Tovuti yetu ya kwanza ilitengenezwa na kijana aliyejitolea kwa moyo mwema, akaweka programu nyongeza 27. Alipokwenda masomoni aliondoka na neno la siri, nasi hatukumwuliza. Programu moja ya picha ilikuwa imeachwa na mtunzi wake bila marekebisho kwa zaidi ya miaka miwili. Asubuhi moja rafiki yetu wa ng'ambo alipiga simu: alifungua ukurasa wa mradi wa maji akakuta matangazo ya kamari. Hatukuwa na nakala ya akiba, hivyo taarifa nyingi za miradi tuliziandika upya. Kilichotuuma zaidi ni swali lake: kama ukurasa haukulindwa, fedha zinalindwaje?

Mambo haya yamewapata wengi. Septemba 2020 iligundulika kasoro katika programu iitwayo File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000. Mtu yeyote aliweza kuingiza mafaili yake bila neno la siri. Marekebisho yalitolewa katika toleo la 6.9, lakini waliochelewa kuyaweka waliendelea kuwa wazi kwa wavamizi. Mwaka 2017 programu ya Display Widgets, iliyotumiwa na tovuti zipatazo 200,000, iliuzwa kwa mmiliki mpya, naye akaingiza humo njia ya siri ya kuchapisha matangazo yake. Hatimaye iliondolewa kwenye ghala rasmi. Kumbe hata programu iliyokuwa njema jana yaweza kuharibika ikipata mwenye nia nyingine.

Maswali kabla ya kuweka

1. Je, tunaihitaji kweli? WordPress yenyewe inaweza kupanga picha na kurasa bila nyongeza. Namba ya simu ya ofisi huandikwa tu kwenye ukurasa.

2. Ilirekebishwa lini mara ya mwisho? Ukurasa wake kwenye ghala huonyesha. Kama haijajaribiwa na matoleo makuu matatu ya karibuni, onyo huonekana hapo hapo.

3. Wangapi wanaitumia, na je, mtunzi hujibu maswali yao? Penye maswali mengi yasiyojibiwa, tupite.

4. Inatoka wapi? Tuichukue kwenye ghala rasmi au kwa mtunzi mwenyewe. Programu za kulipia zinazogawiwa bure mitaani mara nyingi zimefichwa vitu vya hatari ndani yake.

5. Itagharimu kiasi gani kila mwaka? Nyingi ni za bure mwanzoni, kisha huduma muhimu hutozwa ada ya mwaka kwa fedha za kigeni.

6. Je, itaifanya tovuti iwe nzito? Msharika anayefungua tovuti kwa simu huilipia kwa kifurushi chake.

Utunzaji wa kila mwezi

Kamati ichague watu wawili, si mmoja, na kila mmoja awe na jina na neno lake la siri. Mmoja akihama, jina lake lifutwe siku hiyo hiyo. Watu hao watunze daftari lenye jina la kila programu, kazi yake, nani aliiweka, tarehe na ada yake.

Mara moja kwa mwezi, au mapema zaidi onyo likitolewa, wafanye mambo matatu. Kwanza, watengeneze nakala ya akiba ya tovuti nzima na kuihifadhi mahali pengine, nje ya tovuti yenyewe. Pili, wasasishe programu moja baada ya nyingine, wakikagua tovuti kila mara. Kitu kikiharibika watajua chanzo. Tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020 inawezekana kuruhusu usasishaji ufanyike wenyewe, lakini jicho la mtu bado linahitajika. Tatu, wafute zisizotumika. Kuzima si kufuta: programu iliyozimwa bado ina mafaili yake ndani, na mvamizi anaweza kuyatumia.

Aidha, fomu inayokusanya majina na namba za simu inatuwajibisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Tukusanye kile tu tunachokihitaji.

Ombi letu

Kwa kamati: msianze na orodha ya mnachotamani, anzeni na mnachoweza kutunza. Tovuti yetu ya sasa ina programu nyongeza sita tu, na hakuna msharika aliyelalamika kwamba kuna pungufu.

Kwa wafadhili: wote tumeona kisima kilichozinduliwa kwa shangwe kikakauka kwa kukosa kipuri cha pampu. Tovuti nayo ni hivyo hivyo. Mnapochangia kuianzisha, tunaomba bajeti iwe pia na fungu dogo la utunzaji, japo kwa miaka mitatu ya mwanzo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliujenga ukuta huo, na tungependa sharika zetu ziepushwe na gharama hiyo. Kamati itakayohitaji mfano wa daftari letu inakaribishwa ofisini.